Mvinyo mchanga na mvinyo mkongwe mezani: namna ya kuonja na chakula cha nyumbani, kutoka Dodoma

Anza na nyama, chupa baadaye. Wengi wanaoniuliza habari za kuonja mvinyo mwekundu huanza na bei ya chupa, kisha chakula kinakuwa cha kuokoteza jioni ileile: chipsi, mishikaki ya barabarani iliyolowa pilipili, karanga za kwenye karatasi. Kwa mlo huo hata chupa nzuri ya miaka kumi haitakwambia kitu. Mimi ni mpishi wa shughuli, nakaa Ipagala, na mume wangu ana mizabibu Mpunguzi. Zabibu kwetu ni ada ya shule kabla haijawa kinywaji. Kwa hiyo mvinyo naujua kwa pande mbili, shamba na jiko, na haya ninayoandika yameegemea jiko. Tofauti ya mvinyo mchanga na mkongwe unaweza kuiona kwenye glasi, unaweza kuinusa, lakini utaielewa pale utakapotafuna kipande kilekile cha nyama ukanywa huu, halafu ukatafuna tena ukanywa ule.

Na neno moja la mapema: mpikie mkongwe. Mchanga husamehe mengi jikoni. Mkongwe hasamehi.

Chupa zenyewe

Kwa watu sita chupa mbili zinatosha. Chupa ya kawaida ina mililita 750, kwa hiyo kila mtu atapata kama mililita 120 za kila mvinyo, na chini yatabaki mashapo ambayo hakuna sababu ya kuyanywa. Kama mna maongezi marefu, weka ya tatu pembeni, ifunguliwe baada ya zoezi.

Kati ya chupa hizo badilisha kitu kimoja tu, umri. Ukiweka Pinotage changa ya Afrika Kusini kando ya Merlot kongwe ya Ufaransa, utaonja tofauti ya zabibu, ya udongo na ya mtengenezaji, na umri utapotea humo ndani. Bora kabisa ni mvinyo uleule wa kiwanda kilekile, wa miaka miwili tofauti. Ukikosa, shika zabibu ileile: Cabernet Sauvignon ya juzijuzi na Cabernet Sauvignon ya miaka minane au kumi. Mwaka unaouona kwenye lebo ni wa mavuno, haihusiani na siku mvinyo ulipotiwa kwenye chupa.

Mchanga hautusumbui. Dodoma mizabibu haina kipindi cha baridi kali cha kuilaza usingizi kama Ulaya. Mkulima akipogolea, mti unaamka, ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia Agosti. Utakuta zabibu nyekundu ya Makutupora, Syrah, Cabernet Sauvignon, na upande wa Hombolo hata aina za Kiitalia kama Aglianico na Teroldego. Ukibahatika kupata Aglianico, kamata. Ni zabibu yenye ukakasi na uchachu wa kutosha, na kwao kusini mwa Italia mvinyo wake wa Taurasi hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ukiunywa mchanga utajua kwa nini.

Ila angalia: chupa nyingi zinazopendwa kwenye baa zetu ni tamu. Sina ugomvi na wanaozipenda, mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao zamani. Kwa zoezi hili hazifai, sukari inafunika ukakasi, na ukakasi ndio tunaoufuatilia. Tafuta neno “dry” kwenye lebo. Ukinunua kwa mtengenezaji mdogo kijijini, uliza kama ni mvinyo uliokamilika au ni mchuzi wa zabibu ambao bado unachacha. Chupa ya plastiki inayofoka povu ukilegeza kifuniko iache huko huko.

Mkongwe ndio kazi, kwa kuwa mvinyo wetu karibu wote hunywewa ukiwa mbichi. Njia rahisi ninayoijua ni Rioja ya Hispania, kwa sababu sheria yao inamlazimisha mtengenezaji azeeshe yeye, usiumie wewe. Rioja nyekundu iliyoandikwa Crianza imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, Reserva mitatu, na kila moja kati ya hizo imepitia angalau mwaka mmoja kwenye pipa la mwaloni. Gran Reserva imekaa mitano, na miwili kati yake ni ya pipa. Chukua Rioja changa isiyo na neno lolote kati ya hayo, na Gran Reserva moja, tayari una jozi ya zabibu zilezile, kwani zote mbili kwa kawaida msingi wake ni Tempranillo. Hapa mjini chaguo ni chache kuliko Dar es Salaam. Siku hizi ndugu anayepanda treni ya umeme asubuhi anaweza kukushushia chupa kabla ya mchana, mradi aifunge ndani ya khanga na asiitupie mizigo juu.

Kabla hujalipa, ikague. Kizibo kilichosukumwa juu kidogo ya mdomo wa chupa, au utando wa kunatanata chini ya kile kikaratasi cha shingoni, ni dalili kwamba mvinyo ulipata joto ukatanuka. Kiasi kikishuka chini sana ya shingo, hewa imeingia. Kuna duka moja hapa mjini, silitaji, linalopanga chupa za bei mbaya dirishani zikiwa wima, jua la saa nane linazipiga. Hizo hata kwa nusu bei sichukui.

Wala usinunue chupa kwa sababu ni ya zamani tu. Mvinyo mwingi mwekundu duniani umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Chupa ya bei nafuu iliyosahaulika kabatini miaka kumi imechoka, na hakuna upishi utakaoiamsha. Kinachobeba mvinyo miaka mingi ni tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, pamoja na uchachu, na usipokuwa navyo toka mwanzo hautavipata uzeeni.

Ukitaka kuzeesha mwenyewe, tatizo ni hali ya hewa. Mvinyo hupenda nyuzi 12 hadi 15, giza, na joto lisilopanda na kushuka. Chumba cha bati mwezi wa Oktoba hapa Dodoma kinazidi 30 bila aibu. Mahali pazuri nilipowahi kuona ni ndani ya tembe la zamani la ukoo wa mume wangu: ukuta mnene, paa la udongo, kadirisha kadogo. Laza chupa, kizibo kilowe muda wote, usiende kuzigeuzageuza. Mwenye nyumba ya kisasa atumie chumba cha ndani kisichopigwa na jua la mchana, uvunguni, na asitarajie zaidi ya miaka miwili mitatu.

Mbuzi mmoja, mapishi mawili

Mwambie muuza nyama akupe mbuzi kilo mbili na nusu, mguu wa nyuma na mbavu, na mafuta asiyatoe. Ng'ombe wa kienyeji naye anafaa, ila nyama yake mara nyingi ni kavu, na mvinyo mchanga unataka mafuta. Nitafafanua mbele.

Mbavu ni za kuchoma. Chumvi tu, dakika kumi na tano kabla ya kuziweka jikoni. Usikamulie ndimu, usipake pilipili, usimwagie vile viungo vya pakiti vinavyofanya kila nyama ionje sawa na jirani yake.

Mguu ni wa kupika taratibu. Katakata vipande vikubwa, kavisha kwa taulo, kaanga kwenye sufuria nzito kwa mafuta yake mwenyewe mpaka viwe kahawia pande zote. Usivibananishe, vikibanana vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Toa nyama, weka vitunguu maji vitatu, pika hadi vilegee na kuanza kubadilika rangi. Kitunguu saumu punje sita, pilipili manga kijiko cha chai, karafuu mbili tu. Ya tatu itakaa juu ya kila kitu. Nyanya weka mbili, zisizidi. Hapa ndipo wapishi wenzangu hunibishia, maana rosti kwetu ni nyanya. Lakini nyanya nyingi ni uchachu mwingi, na mvinyo mkongwe umebakiwa na nguvu kidogo, ukiuweka mbele ya mchuzi mkali wa nyanya unaonekana maji. Rudisha nyama, maji ya moto yafike nusu ya nyama, funika, mkaa mdogo, saa mbili na nusu. Mbuzi mzee muongezee saa. Mchuzi ubaki mzito kidogo, na chumvi ionje mwishoni kabisa.

Sasa cha kuliwa nayo. Nitakushangaza: usipike ugali wa mtama mwekundu. Naupenda, nimekulia juu yake, lakini mtama ule una tanini yake kwenye ganda la punje, ndiyo ukakasi unaousikia ukila ugali wake mtupu. Ukiweka na mvinyo mchanga unajumlisha ukakasi juu ya ukakasi, na wageni watailaumu chupa. Wali wa Bahi uliopikwa kwa chumvi kidogo, bila nazi, unakaa kimya na kuacha nyama na mvinyo viongee. Ugali wa mahindi nao sawa. Mboga iwe mchicha wa karanga. Mnafu una uchungu, unaupandisha ule wa mvinyo. Mlenda utanisamehe, ni mboga yetu Wagogo na nyumbani haupiti siku nyingi bila kupikwa, ila utelezi wake unapaka ulimi wote, na mtu mwenye ulimi uliopakwa haonji. Mlenda ubaki wa mchana.

Tengeneza pia kachumbari kwenye kibakuli kidogo, na pilipili ya kusaga kwenye kingine. Visiliwe mapema. Ni vya majaribio.

Joto, au kwa nini friji inahusika

Waliosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba walikuwa na vyumba vya Ulaya, vya nyuzi 16 au 18. Sebule yangu saa moja usiku mwezi wa Novemba ina 27. Kwenye joto hilo kileo kinapanda puani kabla ya harufu nyingine yoyote, mvinyo mchanga unakuwa mkali na mkongwe unakuwa umelegea, mtepetevu. Weka chupa kwenye friji saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya kula. Mchanga ukaribie 15, mkongwe 17. Kama huna kipimajoto, shika chupa: iwe ya ubaridi wa maji ya mtungi, isitoe jasho jingi nje.

Umeme ukikatika, ndoo ya maji yenye barafu hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi hivi, lakini mkongwe uushushe taratibu bila kuutikisa. Na barafu ikikosekana, una upepo wa Dodoma. Funga chupa kwa taulo lililoloweshwa, isimamishe dirishani upepo unapopita, lowesha tena taulo likikauka. Hewa yetu kavu inanyonya maji kwa kasi na joto linaondoka nayo. Haitafika 17 lakini itaacha kuwa ya moto. Barafu ndani ya glasi, hapana. Hata kwa shemeji.

Kufungua

Chupa kongwe isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatue chini. Mashapo ni tanini na rangi ya zabibu, ambazo kwa miaka zimeshikana zikawa nzito zikazama. Si uchafu, na mara nyingi ni ishara kwamba mvinyo haukuchujwa kupita kiasi. Kizibo cha zamani hukatika, kwa hiyo zungusha kizibuo hadi karibu kitokee chini, kisha vuta polepole, bila fujo. Kikivunjika, sukuma kilichobaki ndani na umimine kupitia kitambaa safi cha pamba, kilichosuuzwa kwa maji matupu. Kitambaa chenye harufu ya sabuni ya unga kitaipa chupa yako ya laki moja harufu ya kufulia.

Mimina kwenye jagi la kioo mara moja, bila kusimamisha mkono katikati. Weka tochi ya simu mezani, mwanga upite chini ya shingo ya chupa. Utaona mvinyo ukipita mwekundu safi, halafu uzi mweusi unaanza kusogea kutoka begani. Hapo simamisha. Fanya hivi wakati wageni wameshakaa, maana harufu ya mvinyo mkongwe ni dhaifu na ikipata hewa nyingi inaondoka ndani ya saa moja, wakati mwingine mapema zaidi.

Mchanga ni kinyume chake. Ufungue saa moja kabla, umwage kwenye jagi kutoka juu, upige kelele, upate hewa. Ukitaka urudishe kwenye chupa na kumimina tena. Jagi lisiwe lile la plastiki la juisi ya ukwaju.

Nusa kizibo na mvinyo wenyewe. Ukipata harufu ya boksi lililolowa mvua au ghala lenye ukungu, chupa imeharibiwa na kemikali inayotoka kwenye kizibo. Haidhuru mtu, lakini haitapona kwa kusubiri. Fungua ile ya tatu.

Macho na pua, kabla ya sahani

Glasi ziwe mbili kwa kila mtu, za umbo moja, zimeoshwa na kusuuzwa sana. Funga uzi mweupe kwenye miguu ya glasi za mvinyo mmoja ili watu wasizichanganye, na ikiwezekana funika majagi kwa gazeti ili asijue mtu yupi ni yupi. Mimina kidogo, robo ya glasi.

Udi usichomwe siku hiyo. Najua nyumba yenye wageni bila udi inaonekana haijajiandaa, ila udi na mvinyo haviketi chumba kimoja. Jiko la mkaa liwe uani, mbavu zichomwe huko.

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingoni. Mchanga una rangi ya zambarau hadi mwisho, wakati mwingine na ubluu kidogo. Mkongwe umepauka ukingoni kuelekea tofali, hata hudhurungi, na katikati unaona karatasi kupitia kwake. Ile rangi iliyopungua ndiyo iliyo chini ya chupa.

Kisha nusa, zungusha, nusa tena. Usimpe mgeni maneno ya vitabuni. Waache wataje vitu wanavyovijua. Kwenye mchanga wetu wa Dodoma nasikia zambarau zilizoiva, ubuyu, furu, pilipili manga kama kuna Syrah. Kwenye mkongwe matunda yamekauka: tende, zabibu kavu, na nyuma yake ngozi, tumbaku ya majani, kahawa, majani makavu yaliyopata mvua ya kwanza ya Desemba. Kama pipa lilikuwa jipya utapata vanila au moshi. Mkongwe unanuka vitu vingi kwa sauti ndogo, kwa hiyo ongeeni kwa zamu, maana meza yenye watu sita wanaobishana inawafanya wote wanuse kile alichosema wa kwanza.

Mezani

Onja kila mmoja mara moja mdomo ukiwa mtupu. Fumba mvinyo sekunde chache, upite kwenye fizi na pande za ulimi, umeze. Mchanga utakukaza mashavu kwa ukakasi wa ndizi mbichi, kwa sababu tanini inashika protini za mate na mate yanaacha kutelezesha. “Shemeji, huu umenikausha ulimi,” ndilo jambo la kwanza analosema mdogo wa mume wangu kila akija, na yuko sahihi. Mkongwe hautakausha hivyo, tanini zake zimeshashikana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa leta mbavu. Kata kipande chenye mafuta, tafuna, meza, halafu kunywa mchanga. Ukakasi umeenda wapi? Tanini imekutana na protini na mafuta ya nyama, imeshughulika nayo, ulimi wako umeachwa. Tunda linatokea mbele ghafla. Rudia kwa kipande kikavu kisicho na mafuta na utaona ukakasi unarudi kwa sehemu. Hii ndiyo sababu nilikuambia usimwache muuza nyama atoe mafuta. Ongeza punje chache za chumvi kwenye kipande kikavu ujaribu tena: chumvi nayo inalainisha.

Mbavu hizohizo na mkongwe? Moshi na mafuta vinamfunika. Utabaki na kitu chepesi, chenye uchachu kidogo, na mgeni asiyejua atasema chupa ya bei ndogo ndiyo bora. Muache aseme. Pakua mbuzi wa kupika taratibu, mchuzi kidogo juu ya wali, kunywa mkongwe tena. Kitunguu kilichoiva utamu, karafuu ile moja moja, nyama iliyolegea bila mafuta ya kutiririka, vyote viko kwenye sauti yake. Zile tende na ngozi ulizonusa zinarudi baada ya kumeza na zinakaa. Hapa huwa nanyamaza na kuangalia nyuso.

Vitabu vingi vinapanga mchanga kwanza, mkongwe baadaye. Kwa kuonja bila chakula nakubali. Kwa mlo, napakua rosti na mkongwe kwanza, baada ya ule mduara mfupi wa mbavu mbili tatu nilioeleza hapo juu, na mbavu zenyewe na mchanga zinafuata mlo ukishachangamka. Ulimi wa saa mbili usiku ni msikivu kuliko wa saa nne, na mkongwe hausubiri kwenye glasi.

Majaribio ya mwisho ni ya kufurahisha. Chukua kachumbari kijiko kimoja, kisha kunywa wote wawili. Siki au ndimu itafanya mvinyo wenye uchachu mdogo uonekane bapa, na mkongwe utaumia zaidi. Halafu pilipili, nukta tu ncha ya kijiko. Kileo kinauongezea moto wa pilipili nguvu, na tanini ya mchanga inageuka kuwa chungu. Mtu anayekula kila kitu na pilipili ataelewa hapo kwa nini siku zote mvinyo mwekundu ulimwonekea mkali. Pilipili iwe ya mwisho kabisa. Baada yake hakuna kuonja tena, ni kula na kuongea.

Wasiokunywa wapo kila meza. Wape juisi ya zabibu au ya ubuyu kwenye glasi zilezile, na waulize wao ndio waamue ipi nyama imepikwa vizuri, kwa maana wana ulimi safi. Mama mkwe wangu kaacha pombe, lakini hakuna anayenisahihisha chumvi kama yeye. Anayeendesha gari aonje na kutema kwenye kikombe, au aite bajaji.

Kilichobaki

Mkongwe uishe usiku huohuo. Mchanga uliobaki zibe, weka friji, siku mbili hadi tatu utakuwa bado wa kunyweka, na siku ya pili mara nyingi umelainika zaidi ya ile ya kwanza. Glasi zioshwe usiku, rangi ya mvinyo mchanga ikikauka inashika.

Mimi nusu glasi ya mchanga huiweka kwa ajili ya maini. Kesho yake kaanga maini ya ng'ombe moto mkali, dakika mbili kila upande, toa. Kwenye kikaango hichohicho weka kitunguu kimoja, kikilainika mwaga mvinyo uchemke hadi upungue nusu na harufu kali ya kileo iishe, ongeza chumvi, pilipili manga na kijiko cha siagi, rudisha maini yapate mchuzi. Mwaga tu mvinyo unaoweza kuunywa. Uliokwisha kuwa siki weka kwenye kachumbari.